Si lazima umle samaki uliyekwenda kumtazama

WAKENYA wengi wa mijini wakipanga matembezi ya likizo hufikiria mambo mawili: mahali pa kwenda, na nyama itakayoliwa huko. Tangu reli ya kisasa ianze kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka wa 2017, familia nyingi za bara zimezoea kuteremka Pwani shule zinapofungwa. Watoto wanataka kuona bahari na samaki, wazazi wanataka kupumzika. Ikifika saa ya chakula, orodha ya hoteli huwa ni ile ile: samaki wa kukaanga, pweza, kaa, kuku, mbuzi wa kuchoma. Yule asiyekula nyama hutafutiwa chipsi na vipande viwili vya nyanya, kisha huambiwa avumilie.

Msomaji, chipsi peke yake si mlo. Na kumpa mtu chipsi katika mji wa mbaazi za nazi ni uvivu wa mwenye hoteli, na pengine ni uvivu wako wewe uliyelipia matembezi bila kuuliza.

Kutazama samaki wenyewe ni jambo zuri na ninalipendekeza kwa kila mzazi. Huna haja ya kusafiri hadi Cape Town, ambako akwariamu ya Two Oceans ilifunguliwa mwaka wa 1995, wala Dubai, ambako tangi la lita milioni 10 za maji limejengwa ndani ya jengo la maduka. Akwariamu yetu ni bahari yenyewe. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka wa 1968 na ni miongoni mwa zile za kwanza kabisa barani Afrika. Ile ya Mombasa ilitengwa mwaka wa 1986, na kusini kabisa, mkabala wa Shimoni, kuna Kisite-Mpunguti. Unapanda boti yenye kioo sakafuni, unainama, na chini ya miguu yako wanapita pono, kangaja na vitatange katikati ya matumbawe. Mwonyeshe mtoto pono anavyoguguna matumbawe kwa meno yake. Sehemu ya mchanga mweupe anaouchezea ufuoni imepita tumboni mwa samaki huyo.

Lakini boti hizi hufuata maji, hazifuati saa yako. Matumbawe huonekana vizuri maji yanapokupwa, na kupwa huko huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Ikiwa leo maji yamekupwa saa tatu asubuhi, siku tatu baadaye yatakupwa karibu saa tano na nusu. Kwa hivyo siku moja utatoka kabla ya kifungua kinywa na siku nyingine utarudi ufuoni chakula cha mchana kikiwa kimepoa zamani.

Kwa kijana mwenye afya, hilo ni njaa tu. Kwa mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini au kumeza baadhi ya tembe za kushusha sukari, ni hatari. Akikosa kula kwa wakati, sukari yaweza kushuka mno. Atatokwa na jasho, atatetemeka, atazungumza maneno yasiyoeleweka, nanyi mliomo botini mtasema ni mawimbi. Mtu kama huyo asipande boti bila chakula mkononi na kitu chenye sukari ya haraka, kwa mfano glukosi au soda ya kawaida. Azungumze pia na daktari wake kabla ya kuondoka Nairobi au Nakuru, maana kubadilisha saa za kula ni kubadilisha saa za dawa.

Chakula cha kubeba kisikusumbue. Chapati iliyokunjwa na pojo kavu ndani yake (ndengu, kwa watu wa bara) hukaa vizuri kwa saa chache bila kuharibika, mradi uiweke mahali pasipo na joto kali. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu na njugu karanga hazihitaji hata sahani. Wale wanaoshikwa na kichefuchefu baharini wasiende na tumbo tupu, wala wasilijaze mafuta. Wale kidogo, kitu kikavu, na watafune tangawizi wakipenda. Mkate uliobeba ni wa watoto. Wapo watalii wanaowatupia samaki ili wakusanyike chini ya kioo, tabia ambayo wasimamizi wa hifadhi huikataza kwa sababu huvuruga jinsi samaki wanavyojitafutia chakula.

Ukisharudi nchi kavu, anza kutafuta chakula pale Waswahili wenyewe wanapokula. Mahamri na mbaazi za nazi ni mlo kamili wa asubuhi usio na nyama hata chembe. Nafaka ya mahamri na protini ya mbaazi hukamilishana, kila moja ikileta kile ambacho mwenzake amepungukiwa nacho. Ndivyo ilivyo kwa wali na maharagwe ya nazi, au chapati na pojo. Bajia za kunde zina protini nzuri iliyopita kwenye mafuta. Chana bateta, yaani dengu na viazi katika mchuzi wa ukwaju, hupatikana vichochoroni na humshibisha mtu mzima. Jioni, pale Mama Ngina Drive, kuna mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, na madafu ya kuteremshia. Mihogo ni wanga zaidi, kwa hivyo mwenye kisukari asiifanye chakula cha usiku.

Kisha kuna jamii za Wahindi, Wagujarati hasa, ambao wengi wao hawajaonja nyama maisha yao yote kwa sababu ya dini. Mikahawa yao ya mboga ipo Mombasa kama ilivyo Ngara na Parklands jijini Nairobi. Utaletewa sinia lenye dali, mboga mbili au tatu, wali, chapati na maziwa ya mgando, na hakuna atakayekuuliza kama u mgonjwa. Nashangaa kwamba mtu aweza kuishi Nairobi miaka 20 akipita mbele ya mikahawa hiyo kila siku na asiingie hata mara moja.

Lakini jina la mboga lisikudanganye. Mpishi mwingine hupikia maharagwe yake kwa supu ya mifupa, au hutia unga wa mchuzi wenye ladha ya ng'ombe, na ukimuuliza kama kuna nyama atasema hapana kwa moyo safi. Muulize ametia nini chunguni. Sambusa nazo ulizia kabla ya kuuma. Tui la nazi ni tamu lakini lina mafuta mengi ya aina inayopandisha lehemu mwilini. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo aombe chakula kilichopikwa kwa tui jepesi, lile la mkamuo wa pili, na asiongeze chumvi mezani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja kidogo, na kachri pamoja na achari zaweza kukimaliza kiasi hicho kabla ya chakula chenyewe.

Jambo linalonikera zaidi ni lile linalowapata wagonjwa wa jongo, ambao wengi huuita gauti. Mzee amekatazwa nyama nyekundu na pombe. Anafika Wasini baada ya kuzuru Kisite, ambako mlo maarufu ni kaa na samaki, na jamaa zake wanamwambia, "Kula baba, hii si nyama." Usiku kidole gumba cha mguu kinawaka moto na matembezi yamekwisha. Viumbe wengi wa baharini wana purini nyingi, ile ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya yuriki, asili ya maumivu hayo. Mbaya zaidi, mzee yuyo huyo huwa ameambiwa na majirani aogope maharagwe, basi anaacha kile ambacho kingemfaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2004, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulionyesha kwamba waliokula nyama na vyakula vya baharini kwa wingi ndio waliopatwa na jongo zaidi. Mboga na kunde zenye purini hazikuongeza hatari hiyo. Mpe mzee maharagwe yake na maji mengi ya kunywa. Kama daktari wake amempangia kiasi maalumu cha protini kwa sababu ya figo, basi afuate alichoambiwa na daktari.

Yuko pia mtoto. Usistaajabu ukimpeleka kumtazama samaki asubuhi akakataa kumla mchana. Wazazi wengine hugeuza jambo hili kuwa vita, na fimbo ikatajwa mezani. Kuna haja gani? Mtoto anayekula mbaazi, pojo, mayai na maziwa hatadhoofika kwa kukosa changu. La kuangaliwa ni pale anapoacha vyote vinavyotokana na wanyama, mayai na maziwa yakiwemo, kwa maana vitamini B12 haipatikani katika mimea tunayokula kila siku, na ukosefu wake huharibu damu na neva polepole bila mtu kujua. Huyo apelekwe kwa mtaalamu wa lishe akaandikiwa tembe. Kuhusu madini ya chuma, ambayo wasichana na wajawazito huyahitaji mno, yale ya kwenye kunde na mchicha hufyonzwa vizuri yakiliwa pamoja na ndimu, kachumbari au chungwa. Chai huyazuia. Najua kuwaambia watu wa Pwani wasinywe chai na mahamri ni kutafuta ugomvi, lakini kwa mwenye upungufu wa damu, kikombe kingoje saa moja.

Tahadhari nyingine ni ile ya kila mahali penye joto na umati: kula kilicho moto, kachumbari ukiitilia shaka iache, na barafu ya kando ya barabara uikwepe, hasa kunapokuwa na habari za kipindupindu.

Kwa wale wanaokwenda Wasini, fahamu kwamba kisiwani huwezi kuvuka barabara ukatafute mkahawa mwingine. Chakula cha wageni huandaliwa asubuhi kulingana na idadi iliyotangulizwa. Siku unapolipia boti, mweleze mwenye safari kwamba watu wawili, au watatu, hawatakula nyama wala samaki, na umtajie chakula kwa jina: wali wa nazi, maharagwe, mchicha, chapati. Ukisema tu "tafadhali mboga", utaletewa kabichi.