Mbio za baiskeli za milimani zipewe nafasi Kitale na Bungoma

MASHINDANO ya dunia ya mbio za baiskeli barabarani yalipofanyika jijini Kigali, Rwanda, Septemba 2025, ilikuwa mara ya kwanza kwa bara la Afrika kuyaandaa.

Kwa Wakenya, tukio hilo lilipasa kuzua swali zito. Imekuwaje taifa dogo, lililotoka katika maafa ya 1994, likaitangulia Kenya katika mchezo ambao bingwa wake mmoja mkubwa alizaliwa Nairobi na kufunzwa Kikuyu?

Chris Froome, aliyetwaa taji la Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, alianza safari yake akiwa mtoto juu ya baiskeli ya milimani. Mwalimu wake alikuwa David Kinjah, Mkenya ambaye amewalea vijana wengi wa Kikuyu kupitia kundi lake la Safari Simbaz. Mnamo 2008, Froome alianza kushindana chini ya bendera ya Uingereza.

Swali hilo linawahusu zaidi wakazi wa Kitale na Bungoma. Magharibi mwa Kenya ndiko chimbuko la boda boda, jina lililotokana na vijana waliowavusha abiria kwa baiskeli kati ya vituo vya mpakani vya Kenya na Uganda. Kabla ya pikipiki kuenea, baiskeli ya aina ya Black Mamba, nzito na isiyo na gia, ndiyo iliyobeba mgonjwa, gunia la mahindi, kreti za soda na bibi harusi.

Hali ilibadilika mwishoni mwa miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu zilipofurika nchini. Kijana aliyekuwa akikanyaga pedali kutwa nzima alipata injini. Hakuna anayeweza kumlaumu. Lakini pamoja na baiskeli, tulitupa hazina ya miguu na mapafu ambayo hakuna kocha aliyewahi kuipima.

Kwamba hazina hiyo ilikuwepo si porojo. Mnamo 2008, Nicholas Leong, raia wa Singapore, aliwachukua vijana wawili kutoka Eldoret, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, akawapeleka Ufaransa kupanda mlima maarufu wa Alpe d'Huez. Mmoja alikuwa mng'arisha viatu na mwingine mwendeshaji wa boda boda. Nderi aliupanda kwa takriban dakika 42, muda uliowashangaza wajuzi wa mchezo huo kwa mtu asiyekuwa na uzoefu wa kulipwa.

Eldoret na Kitale ni majirani. Kilichowatofautisha vijana hao wawili na wenzao wa Kiminini, Kimilili au Chwele ni kwamba wao walionwa.

Rwanda ilivyoanza

Rwanda haikuanza kwa barabara za lami wala baiskeli za mamilioni ya pesa. Mnamo 2006, Tom Ritchey, fundi Mmarekani aliye miongoni mwa waasisi wa baiskeli za milimani, alisaidia kuandaa mashindano yaliyoitwa Wooden Bike Classic. Waliojitokeza ni watu wa kawaida. Wengine walishindana kwa baiskeli za mbao zinazotumiwa kubebea mizigo vijijini, na wengine kwa baiskeli za kawaida zisizo na gia.

Hapo ndipo Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France mnamo 1981, alipoona vipaji na kurejea kuunda timu ya taifa. Mmoja wa vijana wake wa mwanzo, Adrien Niyonshuti, aliiwakilisha Rwanda katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Michezo ya Olimpiki ya London 2012.

Kutoka baiskeli ya mbao hadi Olimpiki ilichukua miaka sita. Kutoka hapo hadi Kigali kuwa mwenyeji wa dunia, miaka 13. Mbegu ya yote hayo ilikuwa mashindano ya ridhaa, ambayo mtu alihitaji tu kufika na kile alichonacho.

Mfano mwingine uko hapa nyumbani. Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia wa timu ya wanaume katika mbio za nyika mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Ushindi huo haukujengwa katika viwanja vya kifahari. Ulijengwa katika malisho ya shule na mashamba, ambako mtoto asiye na viatu alipambana na mwenzake mwenye viatu, na aliyeshinda akasonga mbele.

Mbio za baiskeli za milimani ni ndugu wa mbio hizo za nyika. Katika mfumo wa Olimpiki, ulioingizwa Atlanta 1996, washindani huzunguka njia ya udongo, mawe, mizizi na vilima yenye urefu wa kilomita nne hadi sita, wakairudia mara kadhaa kwa muda wa kama saa moja na nusu.

Njia ya namna hiyo haihitaji kujengwa upya Trans Nzoia wala Bungoma. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma iko chini yake kwa kama mita 500. Kati yake kuna miteremko ya Mlima Elgon, mabonde ya mito inayoingia Nzoia, na vichochoro vya mashamba ya mahindi, kahawa na miwa. Webuye nako kuna kilima cha Chetambe, ambapo Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mnamo 1895.

Mbio za Olimpiki ya Paris 2024 zilifanyika Élancourt, kwenye kilima chenye urefu wa mita 231 tu. Hapo ndipo Alan Hatherly wa Afrika Kusini alipojishindia nishani ya shaba, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia. Basi Mwafrika anaweza kutamba katika mchezo huu, na milima si kitu tunachokosa.

Usalama na gharama

Kuna sababu nyingine ya kuutazama mchezo huu kwa makini, nayo ni uhai wa vijana wetu. Anayetaka kufanya mazoezi ya baiskeli za barabarani Bungoma hulazimika kugawana lami na malori yanayoelekea Malaba yakiwa na shehena za Uganda, Rwanda na kwingineko. Kitale nako, matatu na pikipiki hazimsubiri mwendesha baiskeli. Njia za mashambani na msituni humwondoa mshindani katika hatari hiyo.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba njia ya vumbi haiui. Agosti 2022, Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendesha baiskeli bora zaidi waliowahi kutoka Kenya, alifariki baada ya kuanguka katika mashindano ya barabara za changarawe Vermont, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33. Miaka mitano awali alikuwa amemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda.

Funzo la msiba huo ni kwamba mashindano, hata ya ridhaa, hayaandaliwi kwa ubabaishaji. Kofia ya usalama iwe lazima. Breki zikaguliwe kabla ya mbio. Wahudumu wa huduma ya kwanza wawekwe penye miteremko mikali, na gari la wagonjwa liwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Asiyeweza kuhakikisha hayo asiandae mbio.

Kizingiti kikubwa zaidi ni gharama. Bei ya baiskeli moja inayotumiwa na mabingwa wa dunia inaweza kununua pikipiki kadhaa mpya. Mzazi wa Endebess anayesubiri malipo ya mahindi yake hawezi kuambiwa amnunulie mwanawe chombo kama hicho.

Ndiyo sababu mashindano ya hapa yanapaswa kufuata busara ya Rwanda ya 2006. Pawe na kitengo cha Black Mamba na baiskeli nyingine zisizo na gia. Pawe na kitengo cha baiskeli za milimani, zikiwemo za mitumba. Wasichana wawe na kitengo chao chenye zawadi sawa na ya wavulana, kwa sababu katika nyumba nyingi msichana huiona baiskeli ya familia ikipita tu. Wanafunzi nao wawe na njia fupi isiyo na miteremko ya kuogofya.

Zawadi nazo zisiishie kwa watu watatu wa mwanzo. Tairi, cheni, pampu na kofia ya usalama zikigawiwa kwa wengi zitazaa waendeshaji wengi kuliko kitita kimoja cha pesa mikononi mwa mshindi. Mafundi wa baiskeli wa Chwele na Kiminini, ambao biashara yao imedidimizwa na pikipiki, watapata tena kazi.

Nani abebe mzigo?

Katiba ya 2010 inazipa serikali za kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake, pamoja na barabara za kaunti. Kwa hivyo magavana wa Trans Nzoia na Bungoma hawana haja ya kungoja ruhusa ya Nairobi ili watenge siku mbili kwa mwaka, mbio moja upande wa Kitale na nyingine upande wa Bungoma, alama zikijumlishwa kumpata bingwa wa jumla.

Ardhi ya kuanzia ipo. Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lina mashamba makubwa Trans Nzoia, na ni mali ya umma. Njia zake za ndani zinaweza kutumiwa baada ya mavuno, kati ya Desemba na Februari, wakati mahindi yametoka shambani na udongo umekauka. Mbio zikifanywa wakati wa mvua, matope yatawashinda waendeshaji na magurudumu yatachimba mitaro ya mmomonyoko. Mlimani, ambako maporomoko ya ardhi si habari ngeni, hilo si jambo la kupuuzwa.

Msitu wa Elgon uguswe kwa makubaliano tu, kati ya waandaaji, Shirika la Huduma za Misitu na vyama vya jamii vinavyoutunza. Watu wa mlima huo wana sababu ya kuwashuku wageni wanaochora mistari kwenye ardhi yao. Kati ya 2006 na 2008, mzozo kuhusu ugavi wa mashamba ya Chebyuk uliwazaa wanamgambo wa SLDF, waliowaua na kuwakata viungo raia. Machi 2008, jeshi liliingia kwa Operesheni Okoa Maisha, nayo ikaacha malalamiko ya mateso na ya watu kutoweka.

Vijana waliozaliwa miaka hiyo sasa ni watu wazima. Mashindano hayatarudisha waliopotea wala kutatua suala la mashamba. Lakini njia ambayo Msabaoti, Mbukusu, Mteso na Mpokot watashindania kofia na tairi, badala ya mipaka, ina thamani yake. Wenyeji wakiambulia pesa za chakula, malazi na ulinzi wa njia, watakuwa wa kwanza kuitunza.

Pana hatari moja ya mwisho, nayo ni siasa. Uchaguzi mkuu umepangiwa Agosti 2027, na kila Mkenya anajua jinsi vikombe vya kandanda vyenye majina ya wanasiasa huchipuka msimu huo, kisha vikanyauka kura zinapohesabiwa. Mbio za baiskeli zikizaliwa kwa namna hiyo, zitakufa kwa namna hiyo. Ziwe chini ya klabu za wenyeji zilizosajiliwa na kutambuliwa na shirikisho la mchezo huo, vitabu vya hesabu vikiwa wazi. Mwanasiasa akaribishwe kama mfadhili, si kama mwenye kombe.

Watakuwepo watakaouliza kwa nini tujadili baiskeli ilhali hospitali zinakosa dawa na mbolea inachelewa. Swali hilo ni la haki. Ila bajeti ya mchezo ipo kila mwaka katika kaunti zote mbili, na hutumika, iwe kwa viwanja visivyokamilika au kwa safari za maafisa. Siku mbili za mbio za ridhaa ni sehemu ndogo sana ya fedha hizo, na matokeo yake huonekana siku hiyo hiyo, kwenye mstari wa kumalizia.

Mkulima hupanda anapoona dalili za mvua, hangoji iishe. Kigali ilikuwa mvua kubwa kwa mchezo wa baiskeli Afrika Mashariki. Maafisa wa michezo wa Kitale na Bungoma wakikutana mwaka huu na kukubaliana tarehe, njia na kanuni za usalama, kijana anayesukuma Black Mamba yenye magunia mawili kupanda kilima cha Kapsokwony atakuwa na mahali pa kuonwa. Wasipofanya hivyo, ataendelea kukipanda kilima hicho kila siku bila mtu yeyote kumpimia muda.