Mashuhuri wa Leo, Waonevu wa Jana: Nani Anamjibu Nani?

Mwanzoni mwa Februari 2021, wachezaji wawili pacha wa mpira wa wavu nchini Korea Kusini, Lee Jae-yeong na Lee Da-yeong, walikuwa katika kilele cha umaarufu wao. Walichezea klabu ya Heungkuk Life, walikuwa nguzo za timu ya taifa, na sura zao zilizoeleka katika televisheni. Mmoja wao alikuwa ameandika katika mtandao wa kijamii maneno yaliyodokeza kwamba anaonewa na mwenzake aliyemzidi umri klabuni. Maneno hayo yakasomwa na watu ambao hakuwakusudia: wanawake waliocheza naye katika timu ya shule, takriban miaka 10 kabla. Nao wakaandika. Walieleza matusi, vitisho na kudaiwa fedha, tena wakasema wazi kilichowasukuma kuvunja kimya chao. Walichoka kumwona aliyewatesa akilalamika kuteswa, kana kwamba historia yake imeanza juzi.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Mapacha hao walikiri na kuomba radhi kwa barua za mkono. Klabu ikawasimamisha kwa muda usiojulikana, chama cha mchezo huo kikawaondoa katika timu ya taifa, na Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ikafanyika bila wao. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamehamia Ugiriki kutafuta riziki.

Wakorea wana neno maalumu kwa jambo hili, hakpok, ufupisho wa maneno yenye maana ya ukatili wa shuleni, na tangu mwezi ule neno hilo limewaangukia waigizaji, waimbaji na wanamichezo wengi. Wanafunzi wangu wanalijua. Tamthilia za Kikorea wanazitazama wengi wao, na ile ya The Glory, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2022 ikimhusu mwanamke anayelipiza kisasi kwa waliomchoma na kumdhalilisha shuleni, ilizua darasani kwangu mjadala ambao mada za nadharia ya dola hazijapata kuuzua. Darasa liligawanyika. Wapo waliosema mtoto ni mtoto, na mtu mzima asidaiwe deni la utoto. Wapo waliosema aliyemvunja mwenzake hana haki ya kupigiwa makofi jukwaani. Nitasema nilipo mimi: mtu mashuhuri anapaswa kujibu. Lakini swali la anamjibu nani, na anajibu kwa lipi, ndilo linaloamua iwapo tunachokitazama ni uwajibikaji au ni tamasha jingine tu.

Kwanza, kwa nini yeye, na si fundi bomba au karani aliyefanya yale yale? Hoja kwamba hii ni husuda ya wanyonge ninaisikia mara kwa mara, na haina uzito. Aliyeonewa na karani anaweza kuihama mitaa na kumsahau. Aliyeonewa na nyota wa televisheni hana pa kuhamia. Sura ile inamfuata sebuleni, katika bango la barabarani, katika simu ya mwanawe. Zaidi ya hayo, msanii hauzi kipaji peke yake. Anauza haiba na wema, na makampuni humlipa ili sabuni au benki ionekane njema kwa kusimama karibu naye. Anayeuza wema wake hadharani hawezi kulalamika mnunuzi anapouliza bidhaa hiyo imetoka wapi.

Hadi hapo nakubaliana na umma wa Korea. Tatizo langu linaanza na namna jibu linavyotolewa.

Mfano mmoja unatosha. Machi 2021 mwigizaji Ji Soo, aliyekuwa akiongoza tamthilia ya kihistoria katika televisheni ya KBS, alituhumiwa na waliosoma naye. Aliomba radhi kwa barua, akaondolewa. Vipande 6 vilikuwa vimekwisha kurushwa na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ilikuwa imekwisha kupigwa picha, ikabidi irudiwe na mwigizaji mwingine. Kisha kampuni iliyotengeneza tamthilia ikaishtaki kampuni iliyomsimamia mwigizaji, ikidai fidia kwa hasara hiyo. Hebu tuitazame kesi hiyo vizuri. Mdai ni kampuni, mdaiwa ni kampuni, na kinacholiliwa ni gharama za kupiga picha upya. Wale waliodai kupigwa na kudhalilishwa si wadaawa. Hasara yao haimo katika hesabu.

Hiki ndicho kinachopita kwa jina la uwajibikaji: mkataba unavunjwa, picha inabanduliwa, jina linafutwa katika tovuti, na kampuni inanawa mikono. Kumfuta mtu ni rahisi kwa sababu hakumdai afanye lolote. Kuwajibika ni kazi, maana humlazimu mtu kusimama mbele ya aliyemdhulumu, kusikia yaliyotokea kwa maneno ya mwenzake, kukiri bila kupunguza, na kuuliza anachodaiwa. Barua ya mkono iliyowekwa mtandaoni kwa mashabiki milioni haimwelekei aliyeonewa. Inaelekea soko.

Wanaotetea utoto wana hoja ninayoiheshimu. Sheria ya Korea yenyewe inamwona aliye chini ya miaka 14 kuwa hawezi kubeba hatia ya jinai, na mengi ya haya yalitendwa na watoto wa umri huo au waliouzidi kidogo. Sioni haki kumhukumu mtu wa miaka 30 kana kwamba ndiye yule wa miaka 13. Ila mara nyingi kinachohukumiwa si yule wa miaka 13. Mwanamuziki wa Kijapani Keigo Oyamada, ajulikanaye kwa jina la Cornelius, alijiuzulu Julai 2021, siku chache kabla ya ufunguzi wa Olimpiki aliokuwa miongoni mwa watunzi wa muziki wake. Kilichomwangusha ni mahojiano ya majarida ya muziki ya miaka ya 1990, ambamo akiwa mtu mzima alisimulia jinsi yeye na wenzake walivyowatesa wanafunzi wenye ulemavu, na alisimulia bila kuonyesha majuto. Muziki huo ulikuwa wa sherehe za Olimpiki na Paralimpiki. Angeweza kukiri katika miaka zaidi ya 25 iliyopita katikati. Aliomba radhi wiki ile kelele zilipopanda. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: kosa la mtoto tulipime kama kosa la mtoto, lakini uongo, majigambo na vitisho vya mtu mzima juu ya kosa hilo tuvipime kama vya mtu mzima.

Hata mwongozaji wa The Glory, Ahn Gil-ho, alituhumiwa Machi 2023 kwamba mwaka 1996, akiwa mwanafunzi nchini Ufilipino, alishiriki kuwapiga vijana wadogo kwake. Alikana kwanza, kisha siku mbili tatu baadaye akakiri kupitia mwanasheria wake. Kule kukana, si kule kupiga, ndiko kulikofanywa na mtu mzima mwenye akili timamu na mwanasheria.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo halizungumzwi na mashabiki. Nchini Korea, kusema kweli kunaweza kukupeleka mahakamani. Kifungu cha 307 cha sheria yao ya jinai kinamwadhibu anayechafua jina la mtu hadharani hata kama alilosema ni kweli tupu: kifungo kisichozidi miaka 2, au faini isiyozidi woni milioni 5. Akilisema mtandaoni kwa nia ya kukashifu, sheria nyingine inapandisha kifungo hadi miaka 3. Anaweza kujinasua akithibitisha kwamba alisema kwa manufaa ya umma, lakini mzigo wa hofu ameshaubeba tangu siku ya kwanza. Tarehe 25 Februari 2021, majuma mawili tu baada ya wale wachezaji kuandika juu ya mapacha, Mahakama ya Katiba ilikikubali kifungu hicho kiendelee kuwepo, kwa kura 5 dhidi ya 4.

Fikiria maana yake kwa mwanamke wa miaka 25 mwenye kumbukumbu na asiye na nyaraka. Shule haikumsikiliza wakati ule. Muda wa kushtaki umepita. Akisema, kampuni ya msanii inatoa tamko kwamba itachukua hatua kali za kisheria, na tamko hilo hutoka hata kabla mtu hajauliza kama alichosema ni kweli. Watu wanashangaa kwa nini tuhuma hizi huanza na mtu asiyejitaja jina, usiku, katika ukumbi wa mtandaoni. Huanza hivyo kwa sababu milango mingine yote imefungwa. Na kwa kuwa huanza hivyo, uzushi nao hupata pa kupenyea, na wapo wasanii wanaokana hadi leo huku jina lao likiwa limekwisha kuharibika. Sheria inayoadhibu kweli haimlindi asiye na hatia. Inachanganya kweli na uzushi katika kapu moja la woga, kisha inauachia umati uchague.

Wenye vyeo je? Februari 2023 Rais Yoon Suk-yeol alimteua mwendesha mashtaka wa zamani, Chung Sun-sin, kuongoza Ofisi ya Taifa ya Upelelezi. Ikafichuka kwamba mwanawe alikuwa ameamriwa kuhamishwa shule kwa kumtesa mwenzake kwa maneno, na kwamba baba alipigana na uamuzi huo ngazi kwa ngazi hadi Mahakama Kuu ya juu kabisa. Akashindwa, lakini kesi ilipokuwa ikiendelea siku zilisogea, na kijana baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. Uteuzi ulifutwa kabla baba hajaanza kazi. Serikali ikatangaza Aprili mwaka huo kwamba rekodi za uonevu zitahesabiwa katika udahili wa vyuo vyote kuanzia 2026, na rekodi za makosa makubwa zitatunzwa miaka 4 baada ya kuhitimu badala ya 2. Ni hatua, sikatai. Ila rekodi inapoamua chuo, mzazi mwenye fedha huajiri wakili, na shauri la watoto wawili darasani hugeuka vita ya majalada. Kesi ya Chung yenyewe ilionyesha nani hushinda vita ya namna hiyo, hata anaposhindwa.

Upande wa pili yuko mrushaji wa besiboli An Woo-jin. Aliadhibiwa na shirikisho mwaka 2017 kwa ukatili dhidi ya wachezaji wadogo wa shule yake, kisha klabu yake ikamsimamisha michezo 50 mwaka 2018. Adhabu ya shirikisho ilikuwa ya miaka 3, na kwa kanuni za michezo za nchi hiyo, adhabu ya urefu huo inamfungia mtu timu ya taifa ya Olimpiki na Michezo ya Asia maisha yake yote. Alikuwa kijana wa shule. Huyo angalau alihukumiwa mapema na chombo chenye mamlaka, jambo ninalolisifu, lakini adhabu isiyo na mwisho haimpi mwenye kosa sababu ya kumtafuta aliyemkosea.

Nimekaa Korea muda mrefu kwa sababu wao wamethubutu kuuliza. Sisi hatujauliza. Tuliosoma shule za bweni tunakumbuka maisha ya njuka: kufua nguo za wakubwa, kupiga magoti usiku, kunyang'anywa sukari na sabuni ulizofungiwa na mama. Kwetu masimulizi hayo huchekewa kwenye harusi, na anayecheka kwa sauti zaidi mara nyingi ndiye aliyekuwa akipigisha wenzake magoti. Wengine leo ni wasanii, wengine wabunge, wengine wanakaa nyuma ya meza ambazo wewe mtumishi wa umma unapeleka majalada. Sitazamii wala sitaki msako wa mitandaoni wa kuwafukua mmoja mmoja.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Kila Januari watoto wa Kidato cha Kwanza wanashuka kwenye mabasi na masanduku yao. Wakionewa usiku wa kwanza, wa kuambiwa ni kiranja wa bweni, ambaye huenda ndiye mwonevu, au mwalimu wa zamu, ambaye atamwita kiranja huyo huyo aeleze kilichotokea. Maofisa elimu wanaosoma hapa wanaweza kuagiza kila shule ya bweni iwe na mtu mzima mmoja, asiye kiranja wala mwalimu wa nidhamu, anayepokea malalamiko hayo, anayaandika kwa tarehe, anawakutanisha wahusika akiwa na wazazi wao, na kuliweka daftari hilo mahali ambapo mkuu wa shule hawezi kulipoteza.