Entebbe Hadi Kigali: Saa Moja Iliyojificha

Jirani yangu mmoja, mke wa askari, alikwenda Entebbe kumpokea mumewe aliyekuwa akirejea kutoka mafunzoni Kigali. Ujumbe wa mume ulisema ndege itaondoka saa 4 asubuhi, na mwendo ni wa saa moja. Mama huyo akahesabu kama ambavyo kila mwenye akili timamu angehesabu, akafika mapema pamoja na watoto. Saa 5 ikapita. Saa 5 na nusu ikapita, wala hakuna ndege. "Shemeji," alinisimulia baadaye, "nilikwisha kuanza kumlilia mtu aliye hai." Saa 6 na dakika chache mume akatokea akicheka, hajachelewa hata kidogo.

Kosa halikuwa la ndege. Saa za Rwanda ziko nyuma ya saa za Uganda kwa saa moja kamili. Saa 4 ya Kigali ni saa 5 ya Entebbe. Ongeza mwendo wa saa moja, ndipo ipatikane saa 6. Aendaye Kigali hukuta kioja cha kinyume: huondoka Entebbe saa 4, akatua saa 4, kana kwamba hakusafiri.

Jua lenyewe halina habari na jambo hilo. Kwa jua, Kigali iko nyuma ya Entebbe kwa dakika 9 tu. Dakika 51 zilizosalia ni makubaliano ya serikali, kwani Uganda huenda pamoja na Kenya na Tanzania, na Rwanda huenda pamoja na Burundi.

Na safari ni fupi kweli. Kwa mstari ulionyooka viwanja hivi vimeachana kwa kilomita 340 hivi, ambazo kwa marubani ni maili za baharini 183. Mstari huo hupita ukingoni mwa Ziwa Victoria, hukata pembe ya Tanzania, kisha huingia Rwanda. Kwa barabara, kutoka Kampala kupitia Kabale na Katuna, ni zaidi ya kilomita 500, na abiria wa basi hushuka miguu imevimba.

Ndege iendayo kilomita 500 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa dakika 41. Lakini tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka maegeshoni: kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda, kushuka, na kusubiri zamu ya kutua. Ndiyo maana hata jeti haiipiti sana ndege ya pangaboi katika safari hii. Ikimaliza kupanda tu, wakati wa kushuka umewadia.

Tena tiketi huandika 10:00 kwa saa 4 asubuhi, na 22:00 kwa saa 4 usiku. Askari huzijua hesabu hizi kwa zamu zake. Aliyeko nyumbani huenda hazijui. Na askari naye ajihadhari: aliyetakiwa kuripoti kambini Kampala saa 12 jioni, akipanda ndege ya saa 10 huko Kigali, atatua saa 12 barabara, na mbele yake ziko kilomita 40 hivi za barabara.

Yule jirani sasa humtaka mumewe aandike saa ya kufika, kwa saa za nyumbani. Saa ya kuondoka, asema, abaki nayo mwenyewe.