SUBIRA SI SINDANO YA GANZI



Ndugu yangu unayesoma, kabla hujapita uende kwa habari za siasa, nikuulize swali moja tu. Mtoto wako wa kiume alipopelekwa kutahiriwa, alidungwa sindano ya ganzi ama hakudungwa? Alidungwa. Na kama yule daktari angekwambia "leo ganzi hakuna, mshike tu miguu," ungefanya nini? Wallahi ungembeba mtoto wako ukaondoka, na Merti nzima ingekuwa imesikia kabla ya Maghrib.

Sasa nieleze kwa nini mama wa huyo mtoto alishonwa bila ganzi siku aliyomzaa, na hakuna aliyesikia.

Mama mmoja wa hapa kwetu amenipa ruhusa niandike habari yake kwa sharti nisitaje jina lake wala kituo alichozalia. Sitavitaja. Alijifungua usiku, akaongezewa njia, mtoto akatoka salama, alhamdulillah. Kisha ikaja zamu ya kushonwa. Aliona sindano yenye uzi, akauliza ile nyingine ya kufisha nyama iko wapi. Akajibiwa: "Mama, umezaa sasa hivi, hii ndiyo itakushinda?" Akashonwa hivyo hivyo, amelala amejiuma kilemba. Anasema uchungu wa kuzaa ameshausahau, lakini ule wa uzi unamrudia mpaka leo akimwona mtu anashona nguo.

Mimba iliyofuata alizalia nyumbani. Hakumwambia mtu sababu. Mumewe alidhani ni kupenda mila. Na wewe unajua kuzalia nyumbani huku kwetu maana yake nini. Damu ikianza kukutoka saa nane za usiku, Isiolo mjini iko kama kilomita 200, barabara ni ile ile ya vumbi, na mvua ikishika hata lenikruza inalala njiani.

Kwa hivyo mtu asiniambie hili ni jambo dogo la wanawake kudeka. Uchungu wa dakika kumi ndani ya wodi unamfanya mwanamke akimbie wodi miaka kumi.

Na si kushonwa peke yake. Kuna kuwekewa koili na kuitolewa. Kuna kukatwa kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi kikapimwe. Kuna kile chuma cha kupanulia, spekulamu, kinachoingizwa kikiwa baridi, bila neno, kwa mwanamke ambaye hajawahi kukiona. Na kuna kusafishwa kizazi baada ya mimba kutoka, na hapa ndipo pabaya zaidi. Mwanamke amepoteza mtoto aliyemtaka, ameingia akilia, halafu anaangaliwa kama mshukiwa. Kuna wanaoulizwa "ulikunywa nini?" kabla ya kuulizwa "unaumwa wapi?" Na ukishamdhania mtu ni mkosaji, maumivu yake hayakusumbui tena, unayaona kama sehemu ya adhabu. Lakini ni nani aliyempa mtu wa wodi kazi ya kadhi?

Haya tunayoomba si anasa ya hospitali za kibinafsi za Nairobi. Lignokeni, ile dawa ya ganzi, ilikuwa kwenye orodha ya kwanza kabisa ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1977. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu za Kenya. Ni dawa ile ile anayodungwa mtu akienda kung'olewa jino. Kitabu cha mwongozo cha Shirika hilo kuhusu matatizo ya ujauzito na uzazi kinaeleza hata namna ya kuitumia wakati wa kushona: unadunga, unasubiri dakika 2, halafu unabana nyama kwa koleo. Mama akisikia, unasubiri dakika 2 nyingine ndipo uanze. Dakika mbili, jamani. Kuna wanaodunga na kuanza kushona papo hapo, halafu mama akipiga kelele anaambiwa "si nimeshakupa sindano?" Kwa kusafishwa kizazi, mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2022 unasema dawa ya maumivu itolewe kwa kila mwanamke kama kawaida: vidonge kama ibuprofeni, na ganzi kuzunguka mlango wa kizazi. Mwanamke hatakiwi kupiga magoti kuiomba.

Kwetu kuna jambo moja la ziada, na nalisema wazi ingawa kuna watakaokasirika. Wengi wa mama na dada zetu walikatwa walipokuwa wadogo. Sheria ya mwaka 2011 imepiga marufuku ukeketaji na tunaunga mkono, lakini sheria haifuti kovu lililokwishaota. Mahali penye kovu hapapanuki kama pengine. Chuma kile kile ambacho kwa mwanamke mwingine ni usumbufu tu, kwa huyu kinararua. Kama ameshonwa na inabidi afunguliwe ndipo azae ama apimwe, hiyo ni operesheni, na operesheni hufanywa kwa ganzi. Alikatwa mara ya kwanza bila ganzi akiwa mtoto, ameshikwa na wanawake wanne. Halafu akiwa mama wa watoto watatu, ndani ya jengo la serikali, ashikwe tena?

Sasa njoo kwenye hoja ninayoisikia kila nikilitaja hili, hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu: "Subira, dada. Mwanamke ana ajra katika uchungu." Sikatai ajra. Lakini tusome vizuri. Katika Sura Maryam, uchungu wa uzazi ulimsukuma Bi Maryam mpaka kwenye shina la mtende, akatamani lau angekufa kabla ya siku ile. Huyo ni Maryam, mbora wa wanawake. Je, alikemewa? Aliambiwa ananung'unika? Alitulizwa asihuzunike, akawekewa kijito cha maji chini yake, na tende mbivu zikamwangukia. Jibu la Mola wake kwa uchungu wa mzazi lilikuwa faraja na nafuu. Sasa wewe unayemnyima mama sindano iliyopo kabatini kwa jina la subira, umeitoa wapi hiyo subira? Subira ni ya mtu mwenyewe kwa jambo lisiloepukika. Huwezi kumlazimisha mwenzio asubiri uzembe wako.

Na kabla hatujasema haya ni mambo ya Wazungu, tujue historia ya hicho chuma. Aina moja ya spekulamu mpaka leo inaitwa kwa jina la Marion Sims, daktari wa Marekani. Kati ya mwaka 1845 na 1849, huko Alabama, aliwafanyia operesheni za fistula wanawake weusi watumwa, tena na tena, bila ganzi. Majina matatu yamebaki: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha peke yake alipasuliwa kama mara 30. Dawa ya kulaza mgonjwa ilioneshwa hadharani Boston mwaka 1846, Sims akaendelea bila hiyo. Sanamu yake ilisimama Central Park, New York, mpaka Aprili 2018 ilipoondolewa. Kwa hivyo fikra ya kwamba mwili wa mwanamke mweusi hausikii maumivu kama wa wengine si mila ya Waborana, wala ya Wasomali, wala ya Uislamu. Ni fikra ya mwenye watumwa. Tukimwambia dada yetu "nyinyi wanawake wa huku ni wagumu," tunaitumikia bila kujua. Huko huko Marekani, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa ilibadilisha mwongozo Agosti 2024 ili wanawake waelezwe kuhusu maumivu ya koili na njia za kuyapunguza, baada ya wanawake kuchoka kunyamaza na kujirekodi wakieleza. Walipiga kelele wakasikika. Sisi tunasema aibu.

Aibu gani lakini? Miaka mingi tumepigania wahudumu wa kike, pazia, na stara ya mama zetu wodini, na ni haki yetu, tutaendelea. Ila tumefika mahali tunafunika mwili wa mwanamke vizuri kabisa halafu hatuulizi anafanyiwa nini chini ya shuka.

Tuje kwa sheria, maana ukurasa huu si wa malalamiko tu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inakupa haki ya kiwango cha juu cha afya, na imetaja afya ya uzazi kwa jina. Kifungu cha 28 kinalinda utu wako. Kifungu cha 29 kinakataza kutendewa kwa ukatili au kwa kudhalilishwa, na hakikusema "isipokuwa leba." Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, matibabu yaliyopo na hatari zake, kwa lugha unayoielewa kadiri inavyowezekana. Kwa hivyo nyanya wa Korbesa anayejua Kiborana pekee hawezi kuwekewa karatasi ya Kiingereza aweke kidole, ikahesabiwa amekubali.

Msidhani haya ni maneno ya kupamba karatasi. Agosti 2013, mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya kaunti Bungoma, akapigwa na kutukanwa na wauguzi, mgonjwa mwingine akarekodi kwa simu. Alienda mahakamani. Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu aliamua kwamba utu wake ulivunjwa, na akaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Mama wa kawaida tu, si mke wa mheshimiwa. Na hakuwa peke yake: utafiti uliofanywa katika vituo 13 vya Kenya, uliochapishwa 2015, uliwakuta wanawake 20 katika kila 100 wakisema walidhalilishwa kwa njia fulani walipoenda kujifungua.

Wauguzi wanaosoma hapa, najua mnachotaka kusema, na mna haki. Mnakuwa wawili usiku, wodi imejaa, kabati ni tupu, na mishahara inachelewa. Ganzi isipoletwa hamwezi kuidunga kutoka hewani. Basi semeni hivyo! Mwambieni mama ukweli kwamba dawa haijaletwa, andikeni kwenye faili yake kwamba haikuwepo, tuwe na ushahidi wa kumpelekea aliyeshindwa kuileta. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na si nyinyi mnaopanga bajeti. Lakini siku ambayo dawa ipo na mtu anaona uvivu wa kusubiri dakika mbili, siku hiyo usijifiche nyuma ya gavana.

Na wewe mume, ambaye pengine umesoma mpaka hapa ukiona hayakuhusu. Uliwahi kumuuliza mkeo? Saratani ya mlango wa kizazi inaua zaidi ya wanawake 3,000 Kenya kila mwaka, na ni saratani inayozuilika ikigunduliwa mapema. Kipimo cha siki ni cha dakika chache. Mkeo haendi. Unamwita mkaidi. Muulize ni nini kilimpata mara ya mwisho alipopanda kile kitanda. Ukipata nafasi ya kumsindikiza, simama mlangoni na useme maneno haya kwa adabu: "Tunaomba ganzi, na tutasubiri ifanye kazi."

Dada, wewe pia sema kabla hujalala pale kitandani. Useme: nataka kujua mnafanya nini, nataka dawa ya maumivu, na nikisema simama, msimame. Una haki ya kuyasema hayo bila kupayuka. Ukikataliwa, kumbuka tarehe na saa, na ulichoambiwa, kisha umsimulie mtu anayejua kuandika usiku huo huo. Sheria ile ile ya 2017 inakupa haki ya kulalamika na lalamiko lako lichunguzwe.

Wiki hii tunaandika barua, na tunataka majina mengi ya Merti, Bulesa, Biliqo na Korbesa, wanaume kwa wanawake. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuuliza, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Tunaiuliza idara ya afya ya kaunti mambo matatu: katika mwaka wa fedha uliopita, chupa ngapi za lignokeni ziliagizwa kwa wodi za akina mama za Merti, ngapi zilifika, na ni siku ngapi kabati lilikuwa tupu. Wasipojibu tunakwenda kwa Ombudsman. Majibu tutayabandika hapa hapa, na tutayabeba mkononi kwenye kikao cha wananchi cha bajeti, kabla makadirio hayajafika bunge la kaunti Aprili 30.

Ambaye hajui kuandika aje baada ya Ijumaa, tutamwandikia. Akina mama watakaa na akina mama, ndani, bila wanaume wala simu za kurekodi.

Wabillahi tawfiq.