Hofu Yetu juu ya Seli Shina

Neno "seli shina" likitamkwa mbele ya wakristu wa mtaa wetu wa Bel-Air, wengi huwaza mara moja viinitete vilivyoharibiwa katika maabara za ng'ambo. Uangalifu huo una msingi, kwa kuwa Kanisa limekataa utafiti unaoangamiza kiinitete. Lakini hati ile ile ya Roma, Dignitas Personae ya mwaka 2008, inakubali seli shina zinazotolewa katika mwili wa mtu mzima pasipo kumletea madhara makubwa. Nusu hiyo ya pili tunaisahau.

Kwa maoni yangu, mahangaiko yetu yangefaa kuelekezwa penginepo, na saratani ya damu iitwayo lukemia sugu ya mieloidi inatuonyesha wapi. Kila mtu ana seli shina katika uboho wa mifupa yake. Ndizo huzaa damu maisha yote. Ndani ya seli, protini ziitwazo kinasi hupitisha amri za kugawanyika kwa kubandika fosfati juu ya protini nyingine, kisha hunyamaza. Katika ugonjwa huu, vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana mahali ndani ya seli shina moja, na hapo huzaliwa kinasi isiyonyamaza kamwe. Uzao wa seli hiyo huongezeka bila kiasi, nao hukataa kufa wakati wake ukifika. (Kufa kwa seli zilizochakaa ni sehemu ya afya yetu, ingawa ni nadra kulifikiria.)

Dawa ya imatinibi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huziba nafasi ambamo kinasi hiyo hupatia nguvu. Seli gonjwa hukosa amri, zikafa. Ugonjwa uliokuwa ukiua wengi katika miaka michache ukawa wa kuishi nao kwa kumeza dawa kila siku. Kila siku, nasema, kwani baadhi ya seli shina gonjwa hujificha ubohoni bila kuitegemea kinasi hiyo. Hata kati ya wale walioruhusiwa na madaktari kuacha dawa baada ya miaka ya vipimo safi, karibu nusu ugonjwa huwarudia. Anayeiacha mwenyewe kwa sababu nguvu zimerudi, au kwa sababu ameombewa, anajihatarisha. Tumwombee, naye ameze.

Tangu 2015 imatinibi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini dawa haimfai mtu ambaye ugonjwa wake haujajulikana. Kwetu bandama ikivimba hudhaniwa ni malaria tu, au hutafutwa mlozi katika ukoo. Hesabu ya chembe za damu, kipimo cha kawaida, huonyesha chembe nyeupe zilizozidi mno. Kuithibitisha kinasi yenyewe kunahitaji kipimo cha vinasaba, kilicho kigumu na ghali zaidi. Hapo ndipo ningependa dhamiri yetu isumbuke. Jumuiya zetu huchangia dawa za mgonjwa kwa moyo mweupe, lakini husita kulipia kipimo, eti kipimo hakiponyi mtu. Napendekeza mfuko wa wagonjwa uanze kukilipia.