Kazi Imekwisha Kufanyika, Mbona Tunaishi Kama Wadaiwa?



Huko Mbuji, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Jimbo la Mbinga, fedha ina majira yake. Kahawa ikishauzwa, michango hutolewa bila shida. Miezi ya mvua, watu wakiwa kwenye ngoro zao, mifuko huwa mitupu. Ndiyo miezi ambayo baadhi ya waamini huanza kukosekana jumuiyani. Hawajaiacha imani. Wanaona haya kuketi mbele ya wenzao wakati daftari linaonyesha hawajatoa. Wengine huamini kwamba Mungu naye anawadai, na mtoto akiugua hudhani ndiyo riba ya deni hilo.

Sisi waseminari tunaosoma falsafa tunaona kwamba hapa tatizo si fedha peke yake. Tumegeuza mpangilio wa wokovu: cha mwisho tumekiweka mwanzo.

Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, kama vile mtu anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliyapokea mafundisho hayo, lakini akaonyesha kwamba ziko fadhila zisizopatikana kwa mazoezi. Imani, matumaini na mapendo humiminwa na Mungu. Mbele zake tunaanza kwa kupokea, ndipo tunatenda. Mtaguso wa Trento ulitamka mwaka 1547 kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki kwetu, iwe imani au matendo, kinachoweza kuistahili neema hiyo. Tazameni mtoto mchanga anapobatizwa. Hajasali hata rozari moja, hajatoa zaka hata shilingi, lakini anaondoka kisimani akiwa mwana wa Mungu.

Pale msalabani Yesu alitangaza kwamba kazi yake imetimia (Yn 19:30). Waraka kwa Waebrania unakazia kwamba sadaka yake ilitolewa mara moja tu (Ebr 10:10-14). Hata Misa Takatifu haiongezi sadaka ya pili juu ya ile. Inatuletea ileile moja altareni.

Atakuwepo wa kuuliza: basi tukae tu, tusifanye lolote? Hasha. Kijana aliyerithi shamba la kahawa hapalilii ili awe mwana wa baba yake. Hupalilia, hupogolea na huchuma kwa sababu ni mwana tayari na shamba ni lake. Akilitelekeza litazidiwa na majani, naye atalala njaa katikati ya urithi. Vivyo hivyo sala, mfungo, kitubio na zaka ni namna ya kuishi kutokana na kile alichokwisha kukikamilisha Kristo. Hatukinunui kwa hayo.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinalishika jambo hili pande zote mbili. Kanuni ya 222 inasema waamini wana wajibu wa kulitegemeza Kanisa. Kanuni ya 848 inataka maskini wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Wajibu upo, ila si bei ya neema.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo: majina ya wasiotoa yasisomwe mbele ya watu. Asiye na fedha apokelewe na debe lake la mahindi, au na mikono yake siku ya kufyatua matofali ya kigango. Na anayekosekana wiki tatu, atembelewe kwanza kumjulia hali, daftari likiwa limebaki nyumbani. Akiulizwa anadaiwa nini na Mungu, ajibiwe ukweli: deni lile lililipwa Kalvari, naye anangojewa jumuiyani.