Vazi Lina Mwenyewe

Mgeni rasmi akija, shule nyingi za Karatu hufanana. Watoto wa awali hupangwa mstari wakiwa na shuka nyekundu, wawe Wairaqw, Wadatoga au Wachaga, wakaruka kidogo, wakapigiwa makofi. Jioni shuka hurudi kabatini. Kwa maoni yetu, hapo mtoto hajafundishwa utamaduni, amevalishwa tu.

Sababu inajulikana. Lami iendayo lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, inapita katikati ya mji wetu, na mtalii anamtafuta Mmasai. Basi lubega, yaani shuka la Kimasai la begani, limekuwa vazi la kila mtu, katika wilaya yenye Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe wa bonde la Eyasi, ambao lugha zao hazina hata undugu.

Mtoto wa miaka mitano hana haja ya hotuba. Mpe kitu ashike. Mwalikeni bibi wa Kidatoga aje na sketi yake ya ngozi, ile ya mwanamke aliyeolewa, yenye vikanda vyembamba vinavyoning'inia, iliyolainishwa kwa mafuta mpaka inanukia zizi. Watoto wataipapasa, watanusa, watacheka, kisha watauliza: ni ngozi ya ng'ombe yupi? Nani aliikata? Mbona wewe mwalimu huna? Kila swali hapo ni somo. Kwa Wairaqw kulikuwa na sketi za ngozi zilizojaa shanga, ambazo wasichana walizishona katika unyago wa marmo. Unyago ule ulikoma enzi za ukoloni, na sketi zake siku hizi ni rahisi zaidi kuziona katika makumbusho kuliko Mbulu, kwa Wairaqw wenyewe.

Tusiwadanganye pia kwamba mavazi haya yameshuka na Adamu. Wamasai walivaa ngozi. Nguo ya dukani ilienea baadaye. Shanga zilivuka bahari kutoka Venice na Bohemia. Na wakubwa kidogo waambiwe kwamba mwaka 1967 na 1968 serikali yetu wenyewe iliendesha operesheni ya kuwavua Wamasai lubega, na waliokaidi walizuiwa kupanda mabasi. Leo lubega hilohilo linapamba mabango ya utalii. (Sijui waliozuiwa wakati ule wakiyaona mabango hayo husema nini, ningependa kuwasikia.) Mtoto anayejua kwamba vazi lilibadilika, likapigwa marufuku, likarudi, hatamcheka mwenzake wa Kimasai kutoka Endulen anayekuja shule na shuka begani.

Wapo wazazi wanaohofia kwamba tunamrudisha mtoto porini. Hofu yao si ya kupuuza, maana wengine walichekwa darasani kwa mavazi hayo. Lakini sare inabaki, na Kiswahili kinabaki. Mtaala wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika shule za msingi, kwa hiyo kwa wakubwa kidogo hata nafasi ya kumsikiliza bibi ipo kwenye ratiba.

Ombi letu kwa walimu wakuu ni dogo. Kabla ya kununua shuka nyingine kwa ajili ya mgeni, waulizeni wazazi wa darasa la awali nani bado anajua kushona ngozi au kutunga shanga. Mkimpata, mwiteni siku ya kawaida ya masomo, na mlipeni nauli.